Je, Kabila la Mtu Ndilo Kipimo cha Dawa Yake?

Tuwafikirie ndugu wawili, watoto wa tumbo moja, waliolelewa katika nyumba moja mtaani Usagara, mjini Tanga. Mkubwa alipotimiza miaka ishirini alishikwa na ugonjwa wa akili: usingizi ukampotea, akasikia sauti za watu wasiokuwapo, akawaogopa hata jamaa zake mwenyewe. Alipelekwa hospitali, akapewa vidonge vya haloperidoli, na baada ya majuma machache fahamu zake zikamrudia. Akaoga, akala pamoja na wenzake, akauliza habari za kazi. Miaka mitatu baadaye mdogo wake akapatwa na mambo yale yale. Daktari akampa dawa ile ile, kwa kipimo kile kile. Lakini huyu mdogo shingo ilimkakamaa, mikono ikamtetemeka, udende ukamtoka, akawa anatembea kwa hatua fupi kama mzee aliyechoka. Mama yao akarudi hospitali, akamwuliza muuguzi: "Mwanangu, dawa hii ndiyo iliyomponya kaka yake. Mbona huyu inamfunga kamba?"

Ndugu hao ni wa mfano tu, lakini swali la mama huyo si la mfano. Laulizwa katika nyumba nyingi, na majibu ya majirani twayajua sote. Jirani mmoja atasema kijana ni mkaidi, havimezi vidonge kama alivyoagizwa. Wa pili atasema dawa za Wazungu hazipatani na damu ya Mwafrika, afadhali zitupwe. Wa tatu atasema ugonjwa huu si wa hospitali hata kidogo, bali una wenyewe, na wenyewe hao wataka kafara. Mama wa watu atashika lipi? Na kijana, ambaye hana nguvu ya kujitetea, atatendewa namna gani kwa sababu ya jibu litakaloshikwa?

Sisi twaamini kwamba chini ya swali hilo limefichika swali la haki. Tangu zamani wenye hekima wamefundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Basi, kilicho cha mgonjwa ni kipi? Je, ni kupewa kidonge kile kile apewacho mwenzake, pasipo upendeleo? Au ni kupewa kile kiufaacho mwili wake mwenyewe, hata kama ni tofauti na cha mwenzake? Na ikiwa miili hutofautiana, je, tofauti hiyo yaweza kusomwa katika rangi ya ngozi au katika jina la kabila? Mambo haya yatupasa kuyafikiri kwa utulivu, kwa maana pande zote mbili kuna shimo.

Kwanza tuone jinsi dawa inavyofanya kazi. Kidonge kikishamezwa huingia katika damu, na damu hukipeleka hata kwenye ubongo. Lakini mwili hauiachi dawa ikae humo siku zote. Ini huishika, huivunjavunja na kuitayarisha itoke. Kazi hiyo hufanywa na vitu vidogo viitwavyo vimeng'enya. Kimojawapo, ambacho wataalamu wamekipa jina la CYP2D6, hushiriki katika kuzivunja dawa nyingi za magonjwa ya akili, kama vile haloperidoli, risperidoni na amitriptilini. Mtu ambaye kimeng'enya hicho ndani yake ni kizito, dawa humlimbikia katika damu, na kipimo cha kawaida humwia kingi mno. Mtu ambaye kimeng'enya chake kina haraka kupita kiasi, dawa humtoka kabla haijamfaa; na watu wakimwona hajapona humshuku kwamba huvitema vidonge.

Jinsi mwili unavyokitengeneza kimeng'enya hicho imeandikwa katika jeni, yaani maagizo ya urithi. Kila mtu amepokea nakala moja kwa baba yake na nyingine kwa mama yake. Lakini baba mwenyewe anazo mbili, na mama vilevile, naye kila mtoto hupewa moja tu katika zile mbili za kila mzazi. Ndiyo maana ndugu wa baba mmoja na mama mmoja waweza kufanana kwa sura, kwa sauti na kwa mwendo, na hali maini yao hayafanani katika kazi hiyo. Hatusemi kwamba urithi ndiyo sababu pekee. Umri, uzito, chakula, magonjwa mengine na dawa nyingine azitumiazo mgonjwa, yote haya yana neno lake. Lakini urithi una neno kubwa, nalo kwa muda mrefu halikusikilizwa.

Kwa nini halikusikilizwa? Sababu yake yaonekana katika historia. Dawa ya kwanza ya namna hii, klopromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952 huko Paris, nchini Ufaransa. Nyingi zilizofuata zilitengenezwa na kupimwa kwanza katika Ulaya na Marekani, na vipimo viandikwavyo kwenye vitabu vya madaktari vilipatikana zaidi kwa wagonjwa wa huko. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, yapata 7 katika kila 100 hawana kabisa kimeng'enya cha CYP2D6 kifanyacho kazi. Jambo hilo lilijulikana mapema. Lakini mwili wa Mtanga, au wa Mzigua, au wa Mdigo, ulikuwa haujaulizwa.

Ulipoulizwa ulijibu. Mwaka 1996 mtaalamu wa Zimbabwe, Collen Masimirembwa, pamoja na wenzake, walieleza namna moja ya jeni hiyo iliyoenea miongoni mwa Waafrika, nao wakaonyesha kwamba hupunguza kazi ya kimeng'enya. Namna hiyo huitwa CYP2D6*17. Mwaka 1999 watafiti waliowapima Watanzania waliona kwamba uwezo wao wa kuivunja debrisokini, dawa iliyotumiwa kwa kukipimia kimeng'enya hicho, ulikuwa umepungua. Mwaka 2001 ikaelezwa namna nyingine, CYP2D6*29, iliyoonekana mara nyingi kwa Watanzania. Mwaka huo huo Collet Dandara na wenzake walitoa habari za uchunguzi wao juu ya watu wa Afrika ya Mashariki na ya Kusini, wakiwamo wagonjwa wa akili. Yaonekana basi kwamba katika nchi zetu wako watu wengi ambao kipimo kilichoandikwa kitabuni chaweza kuwazidi nguvu, wala kosa si lao.

Msomaji aweza kusema hapa: "Basi yule jirani wa pili alisema kweli. Dawa hizi hazipatani na damu ya Mwafrika." La, asifanye haraka. Mwaka ule ule wa 1996 Eleni Aklillu na wenzake walitangaza waliyoyaona kwa Waethiopia. Watu 29 katika kila 100 walikuwa na nakala za ziada za jeni hiyo, na kwa hiyo maini yao yalikuwa na haraka isiyo ya kawaida, hali katika Waswidi watu wa namna hiyo ni mmoja au wawili tu katika 100. Tazama jambo hili. Mtanzania na Mwethiopia wote huitwa Waafrika. Wote wana ngozi nyeusi machoni pa mgeni. Lakini daktari akisema, "Huyu ni Mwafrika, nimpunguzie dawa," ataweza kumsaidia wa kwanza na kumnyima wa pili uponyaji wake.

Tena si hayo tu. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya kuwalinganisha Waethiopia wakaao kwao na Waethiopia wakaao Sweden. Hata wale waliokuwa na jeni za namna moja hawakulingana: wakaao kwao walikuwa wazito zaidi katika kuivunja dawa kuliko ndugu zao waliohamia ugenini. Urithi ulikuwa mmoja, makao mbalimbali, na mwili ukafuata yote mawili. Na katika mwaka huo huo ilionekana kwamba ile namna ya CYP2D6*17 haizipunguzi dawa zote kwa kadiri moja. Kwa dawa hii hulegea sana, kwa dawa ile hulegea kidogo. Basi, ikiwa hata jeni yenyewe, tukiisha kuipima, haimtaji mtu kuwa mzito au mwepesi kwa kila dawa, jina la kabila litawezaje kufanya hivyo?

Hapo twaona shimo la upande mmoja. Lakini hatuna ruhusa ya kulikimbia hata tukatumbukia la upande wa pili, yaani kusema kwamba watu wote ni sawa, kwa hiyo kipimo kimoja kiwatoshe wote. Usemi huu unasikika kama wa haki, nao mara nyingi hudhulumu. Mfano wake mkubwa ni dawa iitwayo klozapini.

Klozapini ni dawa ya wale ambao ugonjwa wao umeshinda dawa nyingine. Mwaka 1975 iliondolewa katika nchi kadhaa baada ya wagonjwa huko Finland kufa, kwa kuwa dawa hiyo, katika watu wachache, huziangamiza chembe nyeupe za damu zipiganazo na maambukizo. Baadaye ilithibitika kwamba huwafaa wagonjwa wasiofaliwa na nyingine, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1989, lakini kwa sharti kwamba damu ya mgonjwa ichunguzwe mara kwa mara. Zile chembe zikishuka chini ya kiasi kilichowekwa, dawa husimamishwa. Sharti hili ni jema, nalo limeokoa watu.

Lakini kiasi hicho kiliwekwa kwa kuifuata damu ya nani? Watu wengi wenye asili ya Afrika wana chembe hizo chache kuliko Wazungu, wala si wagonjwa. Sababu yake ni ya ajabu, nayo yatuhusu sisi wa nchi za mbu. Juu ya chembe nyekundu za damu kuna alama iitwayo Duffy, ambayo namna moja ya vimelea vya malaria, viitwavyo vivax, huitumia kama mlango wa kuingilia. Katika Afrika yetu kusini ya Sahara watu walio wengi wamerithi chembe nyekundu zisizo na alama hiyo, na mwaka 1976 ilielezwa kwamba ukosefu huo huwakinga kwa sehemu kubwa na malaria hiyo. Mwaka 2009 ikaonekana kwamba urithi huo huo ndio ufanyao hesabu ya chembe nyeupe iwe ndogo. Ngao waliyoachiwa na mababu ikahesabiwa katika maabara kuwa ni kasoro.

Matokeo yake yalikuwa nini? Wagonjwa wenye asili ya Afrika, huko Ulaya na Marekani, walinyimwa klozapini au waliachishwa, si kwa sababu dawa iliwadhuru, bali kwa sababu damu yao ya siku zote haikulingana na kipimo cha wengine. Mwaka 2015 Marekani ilikirekebisha kipimo hicho. Kwa watu wa kawaida dawa yaweza kuanzishwa ikiwa ziko chembe 1500 katika maikrolita moja ya damu. Kwa wale waliojulikana kuwa na hesabu ndogo ya asili, 1000 zatosha. Kati ya 1989 na 2015 ni miaka 26. Mtu aliyekuwa kijana mwanzoni mwa miaka hiyo alikuwa mtu mzima mwishoni mwake, na kama alinyimwa dawa hiyo, sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa imepita wodini. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Hapa haikushindwa kusitiri tu, bali ilimvua mwenyewe.

Kwa nini basi wako watu wema wanaoogopa kusikia neno la kabila au la rangi likitajwa pamoja na ugonjwa wa akili? Hawaogopi bure. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Dokta J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari huko Nairobi, juu ya akili ya Mwafrika katika afya na katika ugonjwa. Humo alidai kwamba Mwafrika huitumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamlinganisha na Mzungu aliyepasuliwa kichwa na kukatwa mishipa ya sehemu hiyo. Mwaka uliofuata aliandika kwa ajili ya Serikali ya Kenya juu ya Mau Mau, na malalamiko ya watu waliokuwa wamenyang'anywa ardhi yakaelezwa kama ugonjwa wa nafsi. Huo ndio mwisho wa njia ianzayo kwa kuwatazama watu kwa mafungu na kuacha kumtazama mtu.

Waafrika wenyewe walijibu. Dokta Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alianzisha mwaka 1954 huko Aro, karibu na Abeokuta, mpango ambao wagonjwa walikaa katika vijiji vya jirani pamoja na jamaa zao, wakaja hospitali kutibiwa. Hakusema kwamba Myoruba na Mwingereza wana desturi moja. Alizichunguza desturi za watu wake kwa bidii. Lakini alizichunguza ili amponye mgonjwa, si ili athibitishe unyonge wake. Baadaye akawa Naibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika lile lile lililokuwa limekichapisha kitabu cha Carothers.

Kati ya watu hao wawili twapata kanuni yetu. Carothers na Lambo wote walizungumza habari za tofauti. Mmoja aliitumia tofauti kufunga mlango wa maswali: huyu ni Mwafrika, basi nimekwisha kumjua. Mwingine aliitumia kuufungua: huyu ametoka katika watu hawa, basi nimwulize zaidi. Kutaja asili ya mtu si dhambi. Dhambi ni kuishia hapo.

Pwani yetu ya kaskazini yenyewe yatufundisha jambo hili kuliko vitabu. Ni nani awezaye kusimama sokoni Tanga akasoma urithi wa watu katika nyuso zao? Wapo Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wazigua na Wasambaa. Wapo wenye asili ya Bara Hindi, ya Arabuni na ya Ngazija. Tena, tangu Richard Hindorf alipoileta mikonge mwaka 1893, mashamba ya Tanga, Muheza, Pangani na Korogwe yaliwavuta vibarua kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji na Burundi. Wengi hawakurudi, walioa hapa na kuzikwa hapa. Mjukuu wao leo hujiita mtu wa Tanga, naye asema kweli. Lakini jina hilo halimwambii daktari ni nakala gani ya jeni aliyorithi kwa nyanya yake.

Na mchanganyiko huu si wa jana. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao wakiwa watu wa miji ya Waswahili, kuanzia Manda na Mtwapa hata Kilwa na Songo Mnara. Ilionekana kwamba asili ya Afrika, iliyotoka hasa kwa akina mama, na asili ya Asia, iliyotoka hasa kwa wanaume wa Uajemi, zilianza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Miaka elfu moja ya kuoana! Mtu wa pwani aulizwapo kabila lake hutaja ukoo mmoja, lakini mwili wake hukumbuka koo nyingi.

Hata hivyo swali la asili laweza kuokoa maisha, likiulizwa mahali pake. Kabamazepini ni dawa ya kifafa, nayo hutumiwa pia kutuliza akili zipandazo na kushuka. Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan walionyesha kwamba Wachina wa Han wenye urithi uitwao HLA-B*15:02 waweza kupata kutokana na dawa hiyo ugonjwa wa kutisha ambao ngozi hubabuka na mtu aweza kufa. Urithi huo wapatikana pia katika mataifa kadhaa ya Asia ya Kusini-Mashariki, na tangu mwaka 2007 madaktari wa Marekani wameshauriwa kumpima mgonjwa wa asili hizo kabla ya kumpa dawa. Angalieni utaratibu wake. Asili ya mtu haikuwa hukumu. Ilikuwa sababu ya kumpima. Na kipimo ndicho kilichotoa jibu, kwa maana wengi wenye asili hiyo hawana urithi huo na waweza kupewa dawa.

Sasa twasikia mnung'uniko: "Maneno haya ni ya nchi tajiri. Mgonjwa wetu hupata shida ya nauli ya kufika kliniki. Nani atampima jeni?" Mnung'uniko huu una haki yake. Lakini tusisahau kwamba kipimo cha kwanza cha mgonjwa ni jicho na sikio la amtibuye. Kuanza kwa dawa kidogo na kuiongeza polepole. Kumwita mgonjwa arudi baada ya siku chache. Kumwuliza kama shingo imekaza, kama mate yanamtoka, kama hana utulivu wa kuketi. Kumwuliza ni dawa gani nyingine anazotumia, za hospitali na za miti shamba. Kumwuliza kama anavuta sigara, kwa kuwa moshi wa tumbaku huliharakisha ini katika kuiondoa klozapini. Haya yote hayahitaji mashine. Yahitaji muda na heshima.

Katika milima ya Usambara, juu ya Korogwe, iko nyumba ya Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani waliifungua mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliookolewa katika utumwa, na miaka michache baadaye ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, mojawapo ya nyumba za kwanza za namna hiyo katika Afrika ya Mashariki. Wagonjwa walioifikia mwanzo walifika miaka mingi kabla ya klopromazini kujulikana. Hapakuwa na kidonge cha kuwapa. Palikuwa na kazi ya shamba, chakula, na mtu wa kuwaita kwa majina yao. Hatusemi kwamba hayo yalitosha, kwa maana dawa ni neema kubwa na wengi waliteseka kwa kuikosa. Lakini twasema kwamba dawa ilipokuja haikupaswa kuliondoa lile la kwanza. Kumpa mtu vidonge bila kumwuliza vimemtendaje ni kumrudisha katika kundi la wasio na majina.

Yako pia manung'uniko ya pili, nayo ni mazito zaidi: "Mkiwaambia watu mambo haya, watazitupa dawa." Tumeyapima sana maneno haya kabla ya kuandika. Ni kweli kwamba kuiacha dawa ghafla ni hatari. Ugonjwa hurudi, mara nyingine kwa nguvu kuliko kwanza, na jamaa nzima huumia. Lakini tuseme kweli: wengi waachao dawa huziacha kimya kimya, kwa kuwa ziliwatesa na hakuna aliyesadiki. Mtu aambiwapo, "Mwili wako waweza kuwa na namna yake, tuambie upesi tukubadilishie," hupata sababu ya kurudi hospitali. Aambiwapo, "Mwenzako ameponywa nayo, wewe ni mkaidi," hupata sababu ya kukimbia. Ukweli ukisemwa wote haumfukuzi mgonjwa; kimya ndicho kimfukuzacho.

Kwa hiyo twawasihi wazazi na jamaa wenye wagonjwa nyumbani. Msikatishe dawa kwa shauri la jirani, wala msimpunguzie mgonjwa kwa siri. Andikeni siku alipoanza, kiasi anachomeza, na mabadiliko mliyoyaona, mkampelekee daktari. Kama katika ukoo wenu yuko mwingine aliyepata kuzidiwa na dawa, au kubabuka ngozi, lisemeni. Si aibu ya ukoo, ni habari ya thamani. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Wala msimwambie mgonjwa kwamba ni mkaidi kabla hamjamsikiliza. Nanyi waganga na wauguzi, kazi yenu ni nzito na wagonjwa ni wengi. Lakini mama akija na swali kama la yule wa Usagara, msilihesabu kuwa ni ujinga. Ameona kwa macho yake jambo ambalo mabingwa walihitaji miaka mingi kuliona.

Na kwa wenye mamlaka tuna neno moja. Mwaka 2018, katika watu wote waliokuwa wameingizwa katika uchunguzi mkubwa wa jeni na magonjwa duniani, 78 katika kila 100 walikuwa wa asili ya Ulaya, na 2 tu wa asili ya Afrika. Lakini mwaka 2020 wataalamu walipozisoma jeni za Waafrika 426 tu, wa makundi 50 ya lugha na makabila, walikuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazijapata kuandikwa. Hazina hii iko kwetu, na dawa za watoto wetu hazitakuwa na kipimo chao mpaka ifunguliwe. Ifunguliwe kwa ridhaa ya watu, kwa kuelezwa wanachokitoa na faida watakayoipata, isiwe tena kwamba damu yetu husafiri na maarifa hayarudi. Hata hapo, maarifa hayo yatakuwa ya makundi, naye mgonjwa atabaki kuwa mtu mmoja.

Turudi kwa yule mama. Jibu la haki kwa swali lake si kwamba mwanawe ni mkaidi, wala si kwamba dawa haikuumbwa kwa ajili ya Mwafrika. Kaka yake ni Mwafrika yule yule, wa kabila lile lile na tumbo lile lile, naye imemponya. Jibu ni kwamba kijana huyu ni yeye, wala si kaka yake. Kwamba kipimo chake kitatafutwa, kitapunguzwa au dawa itabadilishwa, naye ataulizwa tena na tena mpaka kipatikane. Kila mtoto na koja lake. Mama huyo aliwafunga wanawe makoja yao mmoja mmoja walipokuwa wachanga, kila mmoja kwa unene wa shingo yake. Hakuhitaji kuambiwa kwamba ni ndugu, wala kwamba shingo zao si sawa.